Digrii ya Farasi Ipo, ya Mgonjwa Subirini

Barua ya wazi kwa Gavana wa California

Mheshimiwa Gavana Gavin Newsom,

Shikamoo. Umenizidi miaka kadhaa, na kwetu Tanga aliyekuzidi huamkiwa kwanza hata kama umekwenda kumgombeza. Mimi nipo hapahapa Sacramento, mwendo wa basi moja kutoka ofisini kwako, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi. Kazi yangu ni unesi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu barua za Kiingereza juu ya digrii ya uuguzi umeshazipata tele, na najua serikali yako haipendi kitu kinachorudufiwa.

Nimekuja kushukuru. Tarehe 27 Septemba 2024 ulikuwa na miswada miwili mezani, SB 895 wa Seneta Richard Roth na AB 2104 wa Mbunge Esmeralda Soria. Yote ilikuwa na ombi moja: vyuo vya jamii vichache viruhusiwe kujaribu, kwa muda maalumu, kutoa digrii ya kwanza ya uuguzi. Si vyote. Mswada wa Roth ulikuwa umeshapunguzwa hadi wilaya kumi za vyuo, kama mtu anayebembeleza mkopo dukani: basi nipe hata nusu kilo. Bunge likapitisha. Wewe ukakataa kutia saini, kwa maneno ya upole kabisa: tusije tukaharibu ushirikiano uliopo baina ya vyuo, tutulie kwanza, tuone sheria ya 2021 ya digrii za vyuo vya jamii itazaa nini.

Tumetulia, Mheshimiwa. Wagonjwa pia tumewaambia watulie.

(Uniwie radhi kidogo, barua hii inasomwa na watu wa nyumbani, wacha niwaeleze. Chuo cha jamii ni chuo ambacho mlango wake haufungwi. California vipo 116. Hakikuulizi ulipata daraja gani kidato cha nne. Kinakuuliza kama umelipa dola 46 kwa kila uniti. Wale ndugu zenu mnaosikia ni manesi Marekani, wengi walianzia kwenye vyuo vya aina hii. Walibeba maboksi, wakaosha wazee kwenye nyumba za kulelea, na usiku wakakaa darasani kusoma anatomia huku macho yanafumba. Mtu anatoka hapo na diploma ya uuguzi, wenyewe wanaiita ADN. Ni miaka miwili ya jina. Ukijumlisha fiziolojia, mikrobiolojia na yale masomo ya kuingilia ambayo foleni yake ni ndefu kuliko ya kivuko, ni mitatu au minne. Kisha anafanya mtihani wa leseni, NCLEX. Mwenye digrii anafanya huohuo. Anayefaulu anapewa leseni ya RN, yaani nesi aliyesajiliwa, na leseni haina mstari wa kueleza ulisoma wapi.)

Sasa turudi wodini, Mheshimiwa, maana huko ndiko nilikotaka nikupeleke.

Juzi usiku nilikuwa zamu na mwenzangu Mfilipino. Yeye ana digrii, mimi nina diploma. Sheria ya California inasema wodi ya kawaida nesi mmoja wagonjwa watano, sheria nzuri kweli, nawasifu. Chumba cha kona kulikuwa na bibi wa miaka themanini na kitu, mishipa imejificha yote, mkono kama karatasi ya kufungia maandazi. Mwenzangu akajaribu kanula, mshipa ukapasuka. Akaniita. Nikamvika bibi kitambaa cha moto, nikasubiri, nikapapasa kwa kidole cha shahada (kidole, si cheti), nikaupata wa nyuma ya kiganja. Saa mbili baadaye ikawa zamu yangu kushindwa: presha ya mgonjwa wangu ilikuwa inateremka nami naitazama kama namba tu, yeye akaona ngozi na akili vimebadilika, akapiga simu kwa daktari kabla sijamaliza kuandika. Bibi hakuuliza nani ana digrii. Aliuliza kama chai inaweza kuja na sukari ya ziada.

Hata hivyo digrii ni kitu. Sitaki nionekane mtu wa sizitaki mbichi hizi. Mwaka 2003 mtafiti Linda Aiken na wenzake walionyesha kwamba hospitali zenye manesi wengi wa digrii zilikuwa na vifo vichache baada ya upasuaji, na 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikatoa ripoti ikitaka asilimia 80 ya manesi wawe na digrii ifikapo 2020. Kwa hiyo nchi nzima inaniambia: nesi, panda, tafadhali panda, wagonjwa watapona zaidi. Nami nakubali, nafunga kamba ya kiatu vizuri, nauliza ngazi iko wapi. Ngazi imefungwa kwa kufuli kwa sababu ngazi nyingine ya rangi hiyohiyo ipo mtaa wa tatu.

Maana hilo ndilo kosa letu: kurudufu. Sheria ya 2014 iliyofungua mlango kwa majaribio, na ile ya 2021 uliyoitia saini mwenyewe, zinaruhusu vyuo vya jamii kutoa digrii ya kwanza ilimradi isifanane na inayotolewa na vyuo vikuu vya jimbo, Cal State, au na Chuo Kikuu cha California. Uuguzi upo Cal State. Basi.

Nikasema wacha nione kilichoruhusiwa. Mheshimiwa, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Chuo cha Feather River, kule milimani Quincy, kinatoa digrii ya farasi na uendeshaji wa ranchi. Rio Hondo wanatoa ya ufundi wa magari. Foothill wanatoa ya usafi wa meno. Na Cypress, kule kaunti ya Orange, wanatoa digrii ya kuhudumia maiti.

Naomba nipange vizuri ili nisikosee. Katika jimbo hili, farasi akiugua anaweza kuangaliwa na mwenye digrii ya chuo cha jamii. Meno yangu, ruhusa. Gari langu, ruhusa. Mimi mwenyewe nikilazwa, hapana, huko ni kurudufu. Lakini ikatokea nikafa kwa kukosa wa kuniangalia, papo hapo milango inafunguka: nakabidhiwa kwa mtu mwenye digrii safi ya chuo cha jamii, anioshe, anivishe, anipambe uso. Kwetu tuna msemo, mgonjwa haulizwi uji. Hapa haulizwi yeye. Anaulizwa mpishi wa uji kama jiko lake halifanani na jiko la jirani.

Na wivu wenyewe hauna mwisho. Feather River hao hao walipoomba digrii ya kurejesha mazingira na kudhibiti moto wa misitu, ndugu zao wa Cal State walilalamika kwamba inafanana na ya kampasi yao ya Humboldt. California, Mheshimiwa. Moto.

Nimejaribu kuelewa chanzo, nikafika mwaka 1960. Ni mambo ya mirathi. Mzee alikusanya watoto watatu, wakati huo Gavana akiwa Pat Brown na mwandika wosia mkuu akiwa Clark Kerr, akagawa shamba. Mkubwa, Chuo Kikuu cha California, akapewa utafiti na udaktari wa falsafa. Wa kati, Cal State, akapewa digrii ya kwanza na ya pili. Mdogo, chuo cha jamii, akapewa miaka miwili ya mwanzo, vyeti vya ufundi, na watu wote ambao kaka zake hawakuwataka. Kila mmoja na mnazi wake, asikwee wa mwenzake. Wosia ule ulisifiwa dunia nzima, na ulistahili: uliweka chuo jirani na karibu kila mtu, kwa bei ya mchicha.

Ila wa kati naye ana miguu. Mwaka 2005 akaomba kukwea mnazi wa kaka yake, akapewa udaktari wa elimu. Mwaka 2012 wanafunzi wake wa kwanza wakaanza udaktari, Mheshimiwa, wa uuguzi. Hoja zake zilikuwa nzuri: uhitaji ni mkubwa, mkubwa hatoshelezi, watu wako mbali. Nimezisoma neno kwa neno. Ndizo hizihizi mdogo anazotoa leo, na anayemjibu kwamba wosia hauguswi ni yuleyule aliyekwea, bado ana makuti kichwani.

Kuna hoja moja ya Cal State ambayo siwezi kuifanyia mzaha. Wanasema walimu wa uuguzi ni haba na nafasi za mazoezi wodini ni chache, sasa mkiongeza vyuo mtagombania walewale. Hiyo ni kweli. Nesi mzoefu akienda kufundisha mshahara unashuka, kwa hiyo haendi. Lakini mimi nimeshafanya mazoezi ya wodini, Mheshimiwa, na nina leseni. Kilichobaki kati yangu na digrii ni utafiti, takwimu, uongozi na afya ya jamii, mambo ya daftari kwa sehemu kubwa. Na chuo kilichonifundisha kushika sindano kinaweza kunifundisha kusoma jedwali.

Hapo kwenye afya ya jamii nina neno la ziada. Sacramento imepokea wakimbizi wengi, na kati yao wamo Wakongo. Mama anafika na mtoto wa wiki sita, Kiingereza hana, Kiswahili anacho. Mara tatu nimeitwa na majirani nikamsaidie mtu kusoma maelekezo ya dawa ya mtoto, na mara moja nilikuta mama anapima mililita tano kwa kijiko cha kupakulia wali. Nilitaka nifanye kazi hiyo rasmi, nitembelee nyumba hizo kwa beji na begi. Cheti cha nesi wa afya ya jamii California kinataka digrii. Kwa hiyo tumefika mahali ambapo chuo cha jamii hakiruhusiwi kutoa nesi wa afya ya jamii. Sijui kwa Kiingereza kama inachekesha. Kwa Kiswahili inachekesha sana.

Mwaka jana mwajiri wangu, ambaye simtaji maana bado ananilipa, alinipa barua ya ukurasa mmoja: niwe nimejisajili kusomea digrii ndani ya muda fulani, au nisahau kupanda cheo. Nikakaa mezani na kikokotoo. Digrii ya chuo cha jamii, miaka yote minne, ada yake ni dola 10,560. Cal State ada ya mwaka mmoja wa 2025–26 ni dola 6,450 kabla ya ada ndogondogo, na madarasa yao ya uuguzi yamejaa hadi wanaostahili wanarudishwa. Mtu wa Redding kampasi ya Cal State iliyo karibu naye ni Chico, maili zaidi ya 70, na anatakiwa awe zamu saa moja usiku. Nikafungua kompyuta, na kabla sijamaliza kuandika neno “nesi” yakanirukia matangazo ya vyuo vikuu binafsi vya mtandaoni: anza kesho, hakuna foleni, mkopo upo. Kuna wakala wao mmoja alinipigia simu mara nne kwa siku moja, na mara ya nne alikuwa anajua jina la binti yangu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wewe umewazuia panzi wawili wasigombane, jambo jema, ila kunguru ndiye anayenenepa, na anakula kwa riba.

Kama ungekuwa na hofu kwamba mambo haya hayajawahi kujaribiwa popote ningekuelewa. Lakini chuo cha St. Petersburg kule Florida kilianza mwaka 2002. Kilikuwa chuo cha miaka miwili, kikafungua digrii ya uuguzi, na kampasi kubwa za jimbo hilo zipo hadi leo, hazijafunga kwa kukosa wanafunzi. Nesi aliyeanza mwaka huo anakaribia kuwa bibi. Tangu hapo majimbo mengine yamefuata, Washington huko kaskazini likiwemo. Sisi tunaosubiri kuona itakuwaje tunaweza kuwapigia simu tukawauliza. Saa za Washington na zetu ni zilezile.

Kwa hiyo siombi utie saini chochote, nakujua una mengi. Naomba vitu vidogo. Kwanza, utuambie utulivu huu unapimwa kwa kipimo gani, kwa sababu wodini kila kitu kina kipimo; hata mkojo tunaandika mililita. Pili, kama kurudufu ni kosa, hospitali zielezwe ziache kutafuta nesi wa pili pale ambapo wa kwanza yupo. Tatu, ukipata nafasi, uje zamu moja ya usiku. Tutakupa kiti karibu na chumba cha kona. Utazame mikono tu, kisha asubuhi utuonyeshe ni ipi ya chuo cha jamii.

Salamu kwa familia.

Wako mtiifu,
Nesi wa ghorofa ya pili, Sacramento

N.B. Binti yangu anamaliza sekondari mwaka huu na kichwani mwake kuna uuguzi tu. Nimeshapiga simu Quincy kuuliza farasi mmoja anakula kiasi gani kwa siku.