Nani Kaleta Hawa Wadudu?

Vijidudu vinavyoruka ndani ya nyumba huonekana rasmi siku mgeni anapokaa mezani. Kabla ya hapo vilikuwepo, ila wenyeji walikwisha kuvizoea. Mgeni akipunga mkono juu ya sahani mara ya tatu, mwenyeji husema ni usubi wa mvua, kisha huihamisha ndizi kwa haraka isiyo ya kawaida. Jibu hilo si sahihi. Usubi huuma, na hawa wa mezani hawana habari na mtu, wamefuata ndizi. Lakini mvua husingiziwa kwa sababu haiwezi kujitetea.

Kumtambua mdudu ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu yenye ugomvi, kwa kuwa kila aina huonyesha ilikozaliwa, na ilikozaliwa huonyesha zamu ilikuwa ya nani.

Anayeongoza ni nzi wa matunda. Urefu wake ni kama milimita 3, rangi yake kahawia hafifu, na macho yake mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani. Wanasayansi humwita Drosophila melanogaster, na asili yake ni hapahapa Afrika. Anayemkimbiza kwa kandambili anamkimbiza mdudu mwenye hadhi: Thomas Hunt Morgan, Mmarekani aliyewafuga nzi hawa kwenye chupa za maziwa na kuwalisha ndizi ili achunguze urithi wa viumbe, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Nyumba nyingi za Dar es Salaam huwafuga kwa ndizi zilezile, msimu wa embe wakiongezewa dodo, na hakuna anayetuzwa. Katika joto la nyuzi 25, yai hugeuka nzi kamili kwa siku 10 hivi, na jike mmoja hutaga mayai kwa mamia.

Kinachomwita si utamu bali harufu ya kuchacha. Kwa hiyo matunda yakiondolewa na nzi wakabaki, hutafutwa kitu kingine: chupa ya soda yenye tone chini, dekio bichi lililokunjwa kwenye ndoo, au kile kitunguu kilichobingirikia nyuma ya mtungi wa gesi mwezi uliopita na kila mtu akadhani mwenzake amekiokota. Waliobaki hutegwa kwa siki yenye kipande cha ndizi mbivu na tone la sabuni ya vyombo. Sabuni hulegeza uso wa maji, hivyo nzi akitua huzama badala ya kusimama juu. Mtego huo huwekwa kwenye kopo kuukuu, kamwe si kwenye bilauri. Bilauri safi yenye kitu cha rangi ya juisi, ikiachwa mezani mchana wa jua kali, hunasa shemeji kabla ya nzi.

Wa pili hana haraka. Hutulia kwenye ukuta wa bafu, mabawa yake yana manyoya na umbo la moyo mdogo, na akibonyezwa huacha unga wa kijivu kidoleni. Watoto wake hukaa ndani ya utando unaoteleza kwenye bomba la maji machafu. Dawa ya kupuliza huua wakubwa tu, na klorini ikimwagwa hupita juu ya utando kama basi la mwendokasi lililojaa, haisimami. Kinachotakiwa ni brashi ndefu na mtu asiyeona kinyaa, naye katika kila familia ni mmoja, na anajulikana. Ili kuhakikisha tundu lipi lina kosa, huzibwa usiku kwa selotepu, upande wa gundi ukitazama chini na upenyo mdogo ukiachwa, kisha asubuhi walionaswa huhesabiwa. Watu wote wa nyumba waarifiwe. Anayeamka alfajiri kutawadha bila kuwasha taa huigundua selotepu hiyo maji yanapomfika kwenye vifundo vya miguu.

Wa tatu ni mweusi, mwembamba, mwenye miguu mirefu kama mbu aliyekosa lishe. Huinuka kutoka kwenye chungu cha maua sebuleni na kuwashiwa dawa ya mbu bure. Amezaliwa kwenye udongo uliolowa, kwa sababu ua hilo humwagiliwa na watu watatu, kila mmoja akiamini wenzake wamelisahau. Udongo wa juu uachwe ukauke kabisa, basi.

Hata chanzo kikiondolewa, wachache huendelea kutokea kwa wiki mbili hivi, maana walikuwa tayari njiani. Katika siku hizo watu hutembea ndani wakipiga makofi hewani, na jirani wa ukuta wa pili hudhani kuna kigodoro.

Kumbikumbi hawamo katika kesi hii. Hao kweli huletwa na mvua. Huzimwa taa za ndani, huachwa moja ya nje, na kwa wanaojua ladha yao huandaliwa kikaango. Kinachobaki ni mabawa sakafuni, mepesi kiasi kwamba ufagio ukisogea tu, yote hukimbilia chini ya kochi.