Kamera Kongwe Baharini

Wamezuka siku hizi waungwana ambao, baada ya kuzichoka kamera za kisasa zinasazo mamia ya picha kabla mtungi wa hewa haujaisha, wameingiwa na zuhudi ya ghafla, wakairudia kamera ya filamu, na hasa ile Nikonos iliyotolewa Japani mwaka 1963, ambayo asili yake ni Calypso ya Ufaransa, aliyoibuni Jean de Wouters kwa ajili ya mpelelezi wa bahari Cousteau na wapiga mbizi wake. Huwaona wakishuka Misali, magharibi ya Pemba, kwa taadhima ya bwana harusi, na akiba yao ni picha 36 tu, kwani filamu haibadilishwi chini ya maji; masafa ya samaki nayo hukadiriwa kwa macho, na aliyekosea hajui mpaka filamu isafirishwe ng'ambo, isafishwe, ndipo ibainike kwamba chewa aliyesimuliwa sana ni nusu ya mkia.

Hayo wao huyaita subira, tena sanaa. Mvuvi wa hapo hapo, ategaye dema kwa kukisia vile vile, hakuna aliyepata kumwita msanii. Akikosa, hulala na njaa.

Nikon yenyewe, kampuni ya kamera hizo, iliacha kuziunda mwaka 2001. Basi, msomaji, ukiuziwa moja, ikague kwanza mipira yake ya kuzuia maji, maana bahari ya Pemba haina staha kwa vikongwe.