Shangazi Nasaha Anajibu: Huyu Nimwiteje?

Shangazi, shikamoo. Mume wangu haambiliki. Bomba la jikoni linavuja tangu Ramadhani. Nikimwambia aite fundi, anajibu, "Sawa, mama Aisha," kisha anakaza tena kile kipande cha tyubu ya baiskeli. Majirani wanasema ni mbishi. Nimfanyeje?
– Niliyelowa, Tanga

Marahaba, mwanangu. Majirani wamekupotosha. Mbishi angekubishia: fundi ni mwizi, bomba ni zima, hayo ni maji ya mvua. Anayeitikia "sawa" asitende ni mkaidi, na dawa yake ni nyingine.

Mbishi bado ana tumaini. Waulize mabaharia. Chombo kikitoka Lamu kwenda Mombasa wakati wa kusi, upepo hukijia usoni. Nahodha hana budi kubisha: anakata upande huu, anageuza tanga, anakata upande ule. Safari inachosha, lakini Mombasa hufika. Mbishi naye huenda hivyo hivyo, mradi usimwendee uso kwa uso. Mkaidi je? Huyo ametia nanga, tena anakupungia mkono. Usipoteze pumzi. Ita fundi mwenyewe, na bili mkabidhi mzee wageni wakiwa sebuleni.

Shangazi, baba mkwe hataki kuuza kiwanja. Tumemkalisha kikao, tumemletea dalali, wapi! Huyu ni king'ang'anizi au ana shingo ngumu?
– Mkwe Mwema, Dar es Salaam

Shingo ngumu ni neno zito. Limo katika Kutoka, sura ya 32, Waisraeli walipoabudu ndama wa dhahabu, na asili yake ni ng'ombe anayekataa nira. Basi kabla hujamtwika mzee wa watu, niambie: nira ameishika nani? Na fungu lako katika mauzo ni kiasi gani? Maana siku dalali huyo huyo atakapokinyemelea kiwanja chako, mzee akamfukuza kwa bakora, utamwita mshupavu, na utamchinjia kuku. Kwa sasa mwite mwenye kiwanja.

Shangazi, mke wangu ananiita mbishi. Si kweli! Jana nimemthibitishia kwa hoja mpaka saa nane za usiku, akasinzia nikiwa katikati ya maelezo. Niongeze hoja gani?
– Nisiye Mbishi, Nakuru

Mwache alale.