Harpagon Uani, Falstaff Mtoni

Shida ya kucheza Molière nje, mbele ya watu wa Salamabila, ni kwamba bahili Harpagon akiuliza swali anajibiwa. Katika "L'Avare", mchezo ulioonyeshwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1668, bahili huyo anazika sanduku la sarafu za ekyu elfu kumi bustanini, anaibiwa, kisha anawageukia watazamaji kwa wazimu: mwizi yuko wapi? Amejificha kati yenu? Molière alitaka watu wacheke. Hakuwahi kukutana na bibi wa mstari wa mbele ambaye ameona kila kitu.

"Papa, ni ule kijana mwenye shati nyekundu! Alipita nyuma ya mgomba!"

Watoto wanaunga mkono kwa kelele. Kijana wa shati nyekundu, maskini, mwanafunzi tu wa sekondari, anaanza kutafuta kwa macho pa kukimbilia.

Na kwa kweli hapa Harpagon si mgeni. Salamabila, katika teritori ya Kabambare nchini Kongo, ni mji wa dhahabu. Mgodi wa Namoya uko jirani, na mtu anayeficha mali ardhini halafu usingizi ukamhama anaeleweka bila mkalimani. Katika tendo la kwanza Harpagon anasikia mbwa akibweka, na papo hapo anaanza kuhofia pesa zake. Jukwaa la nje linamsaidia sana mwigizaji hapo: mbwa wa Salamabila hubweka bila kufanyishwa mazoezi, ingawa si lazima iwe pale Molière alipowahitaji.

Kiangazi ndicho msimu wenyewe. Mvua inakata, mwaka wa shule unaisha, na ua wa shule au wa parokia unageuka ukumbi. Vumbi lipo, jua lipo, na lipo grupu la umeme linalonguruma nyuma ya pazia kuwashinda waigizaji wote. Petroli ikiisha katikati ya sentensi, mikrofoni inakufa, na mchezo ndio kwanza unaanza kusikika. Mwigizaji aliyekariri Kifaransa cha karne ya 17 anashtuka, anasahau, anatorokea kwenye Kiswahili. Umati unapiga makofi. Mwalimu wake anajishika kichwa.

Asidhani mtu kwamba visa hivi ni vya ua wenye vumbi tu. Tarehe 29 Juni 1613, katika ukumbi wa Globe, London, ulichezwa mchezo wa Shakespeare juu ya Mfalme Henry wa Nane. Mfalme alipoingia, mzinga ukalipuliwa kumpa heshima, na cheche ikarukia paa la nyasi. Watu wakauona moshi, wakaudharau, wakaendelea kutazama. Haikupita saa nyingi jengo zima likawa majivu. Hakufa mtu, bwana mmoja tu suruali yake ilishika moto, akazimwa kwa chupa ya bia. Yeyote aliyelelewa chini ya paa la nyasi Kabambare angewaambia bure kwamba nyasi kavu na baruti hazikai nyumba moja. Mwaka uliofuata walijenga upya, na safari hii wakaezeka vigae.

Globe ya leo ilifunguliwa mwaka 1997, na kwa ukaidi wa Waingereza paa likarudi kuwa la nyasi, likiwa na mabomba ya kunyunyizia maji moto ukizuka. Uani katikati hakuna paa lolote: wenye tiketi za bei ndogo husimama hapo, na kufungua mwavuli ni marufuku. Ndipo Kiswahili kilipofikia mwaka 2012, katika tamasha lililoleta michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Waigizaji wa Afrika Mashariki, akiwemo Mrisho Mpoto wa Tanzania kama Falstaff, walicheza "Wanawake wa Heri wa Winsa". Falstaff ni mzee mnene, mlevi asiye na senti, anayewaandikia wake wawili wa watu barua ile ile, neno kwa neno, akiamini hawatasimuliana. Wanasimuliana. Anaishia ndani ya kapu la nguo chafu, na kapu linamwagwa mto Thames.

Ilikuwa Aprili, na Aprili ile ilivunja rekodi ya mvua ya mwezi huo Uingereza tangu vipimo vya mwaka 1910. Thames wenyewe unapita hatua chache kutoka mlangoni. Aliyesimama uani mwezi ule alikuwa na haki ya kuuliza nani hasa ameloweshwa: Falstaff, au yeye aliyelipa kuja kumcheka.

Marufuku ile ya miavuli ingeagizwa Salamabila upesi, kabla ya kitu kingine chochote cha ng'ambo. Alasiri ya Julai mama mmoja wa mbele anafungua mwavuli kwa ajili ya jua. Jirani yake anafungua kwa kuwa mwenzake amefungua. Punde waliokaa nyuma wanatazama "L'Avare" inayochezwa na miavuli mitupu. Vijana wanapanda mwembe. Tawi linalia.

"Mama, ufunge mwavuli, hatumuoni Harpagon!"

"Mwanangu, sikiliza sauti tu. Bado anatafuta pesa. Akizipata nitakuita."