Tovuti ya Shule, Picha ya Mkubwa

Kijana wa Koboko anayesomea kompyuta mjini Arua, Uganda, hufundishwa kwamba tovuti huanzia kwenye karatasi: nani ataisoma, na anatafuta nini? Mzazi anatafuta karo, tarehe ya kufungua na namba ya simu inayopokelewa. Kijana anachora visanduku vyake, mchoro unapelekwa ofisini.

Ofisini karo inafutwa, eti shule jirani zitaiona. Badala yake zinaingia picha: mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, mgeni rasmi akikata utepe. Kijana anajaribu kupunguza uzito wa ile ya kwanza. "Mbona unanipunguza, kijana wangu?" Basi inabaki na megabaiti zake nane, na mzazi wa Koboko, ambaye bando lake linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ataisubiri ifunguke kwa heshima zote. (Sheria ilisamehe data za huduma za elimu. Kamweleze hivyo muuza bando.)

Barua pepe ipo pia. Pasiwadi aliondoka nayo mwalimu aliyehama. Karo? Muulize bodaboda wa stendi. Anaijua mpaka shilingi ya mwisho.