Kinyago cha Enzi za Mjerumani

Rangi haijatoka kwenye shati. Nimelipiga sabuni ya mche, limau, hata jiki, na bado ukoo mzima wa watu weusi ti unapanda kutoka mkandani hadi kwenye kola, mmoja juu ya bega la mwenzake.

Jumamosi shemeji alifanya sherehe ya kustaafu. Kafundisha historia mpaka mvi, nikaona mtu wa namna hiyo hapewi birika la umeme kama wanavyopewa wengine. Nikamchagulia kinyago cha ujamaa cha Kimakonde kutoka kwenye vitu vyangu vya thamani, ambacho muuzaji aliniapia kwa marehemu mama yake kuwa ni mpingo mtupu, kimechongwa Newala enzi za Mjerumani. Nikakipakata kwenye daladala kutoka Ubungo hadi Tabata, jua la Februari, madirisha hayafunguki, abiria wamebanana hata pumzi ni ya kupokezana. Jasho lilinitoka, nacho kikaanza kunihamia kidogo kidogo.

Pale mlangoni mama mkwe alinitazama kwa huruma. "Pole, Baba Neema. Gari limewaharibikia njiani?"

Nikamwambia ni zawadi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaona imechafuka, akachukua pembe ya khanga kuifuta. Mtu wa juu kabisa akawa mweupe pe. Akafuta wa pili, naye hivyo hivyo. Watoto wakaja mbio wakagombea zamu. Ili kuokoa jahazi nikapaza sauti nikieleza umri wa kile kinyago, na hapo shemeji akaweka sahani yake chini taratibu, kama anayesimamia mtihani.

"Enzi za Mjerumani?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mwalimu Nyerere kazaliwa 1922, Mjerumani keshafukuzwa. Sasa huu ujamaa Wamakonde waliupata kwenye redio gani?"

Ukumbi ulicheka mpaka mshereheshaji akasahau ratiba. Wakati huo watoto walikuwa wamekitumbukiza kwenye beseni la barafu, na mpingo wangu ukawa unaelea baina ya soda, umelala chali.

Mpingo hauelei. Ni mti mzito kuliko maji, huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa, na ndani ya gogo kuna moyo mweusi wenye uzambarau, umezungukwa na ukingo mwembamba wa rangi ya maziwa. Mchongaji mzuri huacha kipande cha ukingo huo kionekane, kiwe ushahidi. Moyo ule ule hutengenezewa zumari za Ulaya, klarineti na oboe. Ukiukwangua kwa kisu unga wake ni mweusi. Wangu ulitoa unga wa kuni.

Na kazi ya kuuzeesha mti ni ufundi ambao, nikiwa na hasira zangu zote, ninauvulia kofia. Kiwi ya viatu hupashwa moto kwanza ili inywewe na mti, kisha husuguliwa kwa brashi mpaka ing'ae. Hiyo ni ya wanafunzi. Barakoa ya "kale" huning'inizwa juu ya jiko la kuni ishike masizi, humwagiwa chai ya rangi iliyokolea, hupakwa udongo mwekundu, halafu hufukiwa jirani na kichuguu ili mchwa waonje kingo zake bila kumaliza pua. Wapo wanaoiloweka na kuianika juani ipate nyufa. Wanapokosea ni ndani. Barakoa ya mapiko, ngoma ya Wamakonde, huvaliwa juu ya kichwa kama helmeti, mchezaji akaonea mdomoni mwake, kwa hiyo jasho la miaka hulainisha upande usioonekana. Ya bandia ni chafu nje, na ndani bado ina harufu ya randa. Tena ya kuchezea huchongwa kwa mti mwepesi. Anayekuuzia barakoa ya ngoma ya mpingo, mwulize mchezaji wake alizikwa wapi.

Nilimrudia muuzaji. Akanikaribisha kiti. "Mzee wangu, ningekwambia kimechongwa juzi na kijana aliyekaa pale, ungetoa ile hela?"

Yule kijana alikuwa anachonga twiga, hakuinua uso. Mkono wake hauna mfano. Lakini akiandika jina lake na mwaka huu chini ya kazi, bei inaporomoka. Akilifuta jina na kuichafua kazi kwa masizi, bei inapanda mara tatu, na nyongeza haimfikii. Sisi wenye kabati za vioo tunamlipa mtu ajifanye amekufa. Vya kale vya kweli navyo tumeona mwisho wake: barakoa ya Kimakonde iliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, mwaka uliofuata ikanunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na ikarudishwa 2010 tu. Miaka yote hiyo mtoto wa Newala angehitaji viza ya Uswisi kumwona babu yake.

Mengine kuhusu vitu vyangu ni madogo. Nina picha ya tingatinga, rangi ya baiskeli juu ya ubao, yenye sahihi ya Edward Saidi Tingatinga mwenyewe na mwaka 1975, naye alifariki 1972. Kitambaa cha Wakuba wa Kasai, cha nyuzi za mwale, paka amezalia juu yake. Na akuaba, mwanasesere ambaye mwanamke wa Kiasante humbeba mgongoni anapotafuta mtoto, alikaa chumbani kwetu hadi mke wangu, mama wa watoto watano, alipouliza ni wa nini.