Jawabu kwa Baba Mkubwa Kuhusu Mbwa wa Kijerumani

Berlin, Ujerumani

Kwa Baba Mkubwa mpendwa, pamoja na Mama na jamaa wote wa Maua,

Waraka wako umenifikia, nami nimeusoma kwa taadhima, hasa pale unaponiagiza nikuletee jamani shepadi dume, mwenye nasaba inayojulikana, atakayewatia adabu wezi wa miraa, na nyani, na yule jirani ambaye hukumtaja jina lakini sote twamfahamu.

Kabla sijajibu, yafaa ujue mbwa huku ni kiumbe wa namna gani. Hulipiwa kodi. Katika mji huu mwenye mbwa mmoja hutoa serikalini euro 120 kila mwaka, na kila anayeongezwa hutozwa 180. Na akiwa mkubwa wa kutotoshea kapuni, hukatiwa tikiti ya treni, akakaa miguuni pa bwana wake kwa utulivu ambao sijauona katika matatu yoyote ya kutoka Meru kwenda Embu. Wewe, ambaye hadithi za kodi ya kichwa hukupandisha shinikizo la damu hadi leo, sidhani ungeyastahimili hayo.

Mwezi uliopita mama mwenye nyumba yangu, ambaye ni mjane, aliitisha baraza la wanawe na wajukuu ili wachague mbwa, nami nikaalikwa kama mtaalamu, kwa hoja kwamba mtu aliyezaliwa karibu na mbuga ya Meru, alikozikwa Elsa, yule simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, hawezi kukosa maarifa ya wanyama. Sikuwakatalia heshima hiyo. Mezani palikuwa na kitabu kinene chenye picha, maana shirikisho la kimataifa la mambo ya mbwa, lililoasisiwa mwaka 1911 na lenye makao yake Ubelgiji, limekwisha kutambua aina zaidi ya 340, kila moja na maelezo ya masikio yake, mkia wake na hulka yake. Na kikao kilichofuata kilikuwa kizito kama cha wazee wa Njuri Ncheke kinapoamua kesi ya mpaka wa shamba.

Mjukuu wa kike alimtaka yule mbwa wa Kiskoti mwenye manyoya meusi na meupe, kwa sababu ya macho yake. Nikauliza kwa upole: kondoo wako wapi? Kwani mbwa yule aliumbiwa kuwakodolea kondoo macho na kuwakusanya, na akikosa kondoo atawakusanya watoto, au baiskeli, au wageni waliokuja kunywa kahawa. Mjomba wake akapendekeza Dobermann, ndipo nikaelezwa kwamba aliyeianzisha aina hiyo, katika karne ya 19, alikuwa mtoza kodi wa mji wa Apolda, aliyehitaji mlinzi wa kuandamana naye akienda kudai fedha za watu. Na hapo, Baba Mkubwa, nadhani hata ukipewa bure huyo hutamtaka.

Mwishowe walikwenda kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa, nako wakahojiwa wao: nani hubaki nyumbani mchana, ghorofa ni ya ngapi, lifti ipo, nani hupiga chafya akiguswa na manyoya, na mbwa atalala kwa nani mkienda likizo. Maswali niliyoulizwa nikiomba viza yalikuwa masihara ukiyalinganisha na hayo. Mama mwenye nyumba, akaaye ghorofa ya nne bila lifti, alitoka na jike la makamo, fupi, la nasaba isiyojulikana, lipendalo kulala, nao wawili wanapatana mno.

Sasa tuje kwa dume lako. Aina ya jamani shepadi ilianzishwa mwaka 1899 na kapteni mmoja wa jeshi, Max von Stephanitz, kutokana na mbwa wa wachungaji, ambao kazi yao ilikuwa kutembea kutwa ukingoni mwa kundi la kondoo ili wasikanyage mazao ya watu mahali pasipo ua. Sisi tuna ng'ombe wawili wasiotoka zizini. Ukimfungia kibandani mchana kutwa, kama ilivyo desturi yetu, na kumfungulia usiku, atajitafutia kazi mwenyewe, na kazi atakayoipata itakuwa ya kuwakamata wanakwaya wakitoka mazoezini. Kadhalika dume hilo lina uzito wa kilo 30 hadi 40, wala haliwezi kushibishwa makoko ya ugali. Na wakwe zetu wa Mbeere, uliowaahidi mtoto wake wa kwanza, wana jua la kumuunguza mbwa yeyote mwenye manyoya ya baridi.

Isitoshe, mwizi wa miraa hasomi nasaba gizani. Akiogopacho ni kelele, na kelele mbwa wako Bosco anazo. Ulimchagua mwenyewe kwa kuwainua watoto wa mbwa kwa ngozi ya shingo na kumtwaa asiyelia, bila kitabu wala baraza, naye tangu hapo hajanyamaza. Jihadhari tu usije ukauziwa basenji, ambaye ni Mwafrika mwenzetu kutoka misitu ya Kongo, mwindaji hodari, msafi kama paka, lakini habweki.

Ninalokuomba ni Bosco apelekwe kwa daktari wa mifugo akadungwe sindano ya kichaa cha mbwa, na kila mwaka vivyo hivyo, na umshawishi hata yule jirani ampeleke wake, kwani wataalamu husema asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, maradhi hayo hukosa njia ya kuenea. Fedha za chanjo nimezituma kwa M-Pesa ya Mama, si kwa yako, kwa sababu unazozifahamu.

Wako mtiifu,
Mwanao wa Berlin